Euler na Kopo la Rangi

Mwaka jana nilikwenda BTP kwenye shule moja ya sekondari huku kwenye miteremko ya Meru. Shule siitaji. Nilipewa kidato cha nne, mada ya maumbo yenye ujazo, na kusema kweli nilijiandaa. Nilikusanya maboksi ya dawa ya meno, nikachukua boksi la chaki, nikachora piramidi ubaoni, halafu nikaandika ile kanuni maarufu: kona toa kingo jumlisha nyuso, jibu ni 2. Boksi la chaki lina kona 8, kingo 12, nyuso 6. Inakuja 2. Piramidi yenye kitako cha mraba ina kona 5, kingo 8, nyuso 5. Inakuja 2 tena. Darasa likafurahi, mimi nikafurahi kuliko darasa.

Ndipo binti mmoja wa karibu na dirisha akasimama. Kwenye kona ya darasa kulikuwa na kopo tupu la rangi tulilokuwa tunatupia vipande vya chaki. Alikuwa ameshalihesabu. Kona hamna, kingo 2, ule wa juu na wa chini, nyuso 3. Inakuja 1. Akasema amehesabu pia na umbo la pia, lile la koni ya aiskrimu: ncha 1, ukingo 1, nyuso 2, na hiyo imekuja 2 sawasawa. Sasa kwa nini pia inakubali na kopo linakataa, na yote mawili ni ya mviringo?

Nilimjibu kwamba kanuni ni ya polihedroni, kopo si polihedroni, aandike hivyo. Akataka kujua polihedroni ni nini hasa. Nikamsomea maana iliyokuwa kwenye desa langu. Akakaa. Unajua kuna namna mwanafunzi anavyokaa ukajua kabisa hajaelewa, amekuheshimu tu. Kengele ikalia, nikashukuru Mungu.

Kile kikao kimenisumbua hadi leo, na ndicho kimenifanya nitafute habari za mwenye kanuni. Nilidhani nitakuta mtu aliyekuwa anajua kila kitu.

Leonhard Euler, jina linatamkwa Oila, alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake alikuwa mchungaji, na mpango wa nyumbani ulikuwa kijana naye awe mchungaji. Akaingia Chuo Kikuu cha Basel akiwa na miaka 13. Msishangae sana, zama zile vyuo vilipokea watoto. Pale Basel alikuwepo Johann Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya, mtu asiye na muda na wanafunzi wadogo. Kijana akaomba afundishwe, mzee akakataa kumpa vipindi, ila akamruhusu aje Jumamosi mchana na yale aliyokwama tu. Basi wiki nzima Euler anapambana mwenyewe ili Jumamosi aende na maswali machache, asionekane mzigo. Bernoulli ndiye baadaye aliyemshawishi baba mtu amwache mtoto na hesabu zake.

Akiwa na miaka 19 aliomba kazi ya uprofesa wa fizikia palepale Basel. Hakuipata. Wenzangu mnaosubiri majibu ya ajira mmemwelewa hapo. Kazi iliyopatikana ilikuwa Urusi, kwenye Akademia mpya ya Sayansi ya St. Petersburg, na tena nafasi yenyewe haikuwa ya hisabati, ilikuwa ya fiziolojia. Akajisomea mambo ya tiba kidogo, akaondoka mwaka 1727. Hakurudi tena kuishi Uswisi.

Kule Urusi akahamishiwa kwenye fizikia, halafu hisabati, na kufikia 1733 ndiye aliyekalia kiti cha hisabati. Mwaka uliofuata akamuoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji. Walizaa watoto 13, na 5 tu ndio waliovuka utoto. Nimepita haraka kwenye sentensi hiyo nilipoisoma mara ya kwanza, kisha nikairudia. Watoto 8 wamezikwa, na katikati ya misiba hiyo mtu anaandika vitabu. Mwaka 1735 akapata homa kali iliyokaribia kumuua, na miaka michache baadaye jicho la kulia likawa halioni.

Kipindi hichohicho ndipo aliposhughulikia fumbo la madaraja 7 ya Königsberg: je, mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu? Euler alionyesha haiwezekani. Kinachonivutia ni namna alivyofanya. Hakupima urefu wa daraja wala upana wa mto. Aliuliza tu kipande gani cha nchi kavu kimeunganishwa na kipi, kwa madaraja mangapi. Mnielewe hapo, maana ndiyo akili ileile atakayoipeleka kwenye maboksi.

Mwaka 1741 akahamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Frederick wa Prussia, akakaa miaka 25. Mfalme alipenda watu wa maneno matamu, washairi na wanafalsafa wa Kifaransa kama Voltaire, na Euler hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mtu wa nyumbani, wa kanisani, anayelea watoto huku anaandika. Frederick alimdhihaki kwa jicho lake moja. Sitaki kumtetea mfalme, ila nadhani hakujua ana nani pale kwake.

Ilikuwa huko Berlin, Novemba 1750, alipomwandikia rafiki yake Goldbach aliyekuwa Urusi kumweleza jambo aliloliona kwenye maumbo yenye nyuso bapa.

Kuhusu jambo lenyewe inabidi niende taratibu. Wagiriki waliyajua maumbo haya zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Euclid alimalizia kitabu chake kikubwa kwa yale matano ya nyuso zinazolingana kabisa. Watu walipima eneo, ujazo, ukubwa wa pembe. Lakini kwenye kuliorodhesha umbo, walitaja nyuso zake na kona zake tu. Ule mstari ambapo uso na uso vinakutana haukuwa kitu cha kuhesabiwa chenyewe. Kila mtu aliuona, maana ndio unaokukata mkono. Euler akaupa jina. Aliandika Kilatini, akauita acies, neno la makali, kama makali ya kisu. Sisi darasani tunaita ukingo. Akaweka vitu vitatu mezani: kona, kingo, nyuso. Akavihesabu kwenye umbo moja baada ya jingine, na kila mara kona na nyuso zikijumlishwa zilizidi kingo kwa 2.

Descartes alikaribia sana miaka 120 hivi kabla yake, kwa njia ya pembe. Karatasi zake zilitumbukia mtoni Seine baada ya yeye kufa, zikaopolewa na kuanikwa, Leibniz akanakili sehemu, na nakala hiyo ikaja kuonekana karne ya 19. Euler hakujua habari hizo.

Mimi nilielewa nguvu ya hesabu hii kwa mjomba wangu, si kwa kitabu. Mjomba ni mkata vito hapa mjini, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Arusha si lazima niwaeleze, tunaishi na mawe. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na hata asiyejua hesabu anajua jiwe lililokatwa nyuso na jiwe lililosuguliwa likawa na mgongo wa mviringo, lile wanaloliita kaboshoni. La kwanza limejaa makali madogo madogo na linarusha mwanga. La pili lina mgongo laini kama yai, kidole hakikwami popote. Tofauti ya polihedroni na maumbo mengine ndiyo hiyo. Polihedroni imefungwa na nyuso bapa pande zote, kila ukingo ni mstari ulionyooka wenye kona huku na kona huku, na kila ukingo unashirikiwa na nyuso mbili, si zaidi. Tufe, pia na kopo vina nyuso zilizopinda, kwa hiyo havimo.

Na mawe mengine hayasubiri fundi. Spineli ya Mahenge inaweza kutoka ardhini ikiwa na nyuso 8 za pembetatu, kona 6, kingo 12. Garneti, ambayo Simanjiro ipo, ikikua vizuri inajitengenezea nyuso 12 za umbo la almasi ya kwenye karata, kona 14, kingo 24. Fanyeni hesabu wenyewe. (Milima haina adabu hiyo. Meru, mita 4,566, ukiutazama kutoka Mnara wa Saa unasema pia kamili. Nenda Momela uone upande wa mashariki ulivyobomoka.)

Nilimuomba mjomba tuchonge mchemraba wa sabuni ya kipande, maana jiwe ni hela. Akakata kona moja. Kona 1 imekufa, 3 mpya zimezaliwa. Zimeongezeka kingo 3 na uso 1. Sasa ni kona 10, kingo 15, nyuso 7. Bado 2. Akakata nyingine, bado 2. Mjomba akakata kona zote nane bila kusema neno, akahesabu kwa ukucha, kwa sababu macho yake siku hizi yana mtoto wa jicho. Kona 24, kingo 36, nyuso 14. Akanitazama kana kwamba nimemfanyia mazingaombwe.

Sasa nije kwenye kitu kilichonipa aibu. Kwenye barua ile kwa Goldbach, na kwenye makala ya kwanza aliyoiandika juu ya jambo hili, Euler alisema wazi kwamba hajapata uthibitisho wa kuridhisha. Mwanahisabati mkubwa kuliko wote wa karne yake, ana miaka 43, ana jina Ulaya nzima, anaandika kwamba ameliona jambo, amelijaribu kwenye maumbo mengi, na hajui kwa nini ni kweli. Mimi mwanachuo wa mwaka wa pili nilishindwa kumwambia binti wa kidato cha nne kwamba sijui.

Baadaye aliandika makala ya pili yenye uthibitisho. Njia yake ni ndugu ya kisu cha mjomba: unakata kona unatoa vipande vya piramidi, umbo linapungua mpaka ibaki piramidi ya pembetatu yenye kona 4, kingo 6, nyuso 4. Makala zote mbili zilichapishwa 1758. Na uthibitisho ule una tobo. Ukikata ovyo, kilichobaki kinaweza kisiwe tena umbo la halali, na Euler hakueleza namna ya kulikwepa hilo. Legendre alikuja na uthibitisho unaosimama mwaka 1794, Euler akiwa kaburini miaka 11.

Hata hapo haikuisha. Mwaka 1813 Mswisi mwingine, Lhuilier wa Geneva, alichapisha orodha ya maumbo yanayoikataa kanuni. Na alianzia kwenye mawe! Alikuwa ameona kwenye mkusanyiko wa madini wa rafiki yake fuwele iliyokua ndani ya fuwele nyingine ya kupenyeza mwanga. Jiwe lenye jiwe tumboni. Ukihesabu nyuso za nje na za lile tundu la ndani, jibu ni 4. Wakataji wa hapa mjini wanayakuta mawe yenye vitu ndani kila siku na wanayashushia bei. Lhuilier alitaja pia umbo lililotoboka kutoka upande hadi upande. Chukua fremu ya picha, vipande vinne vya mbao vilivyoungwa kwa mshazari kwenye kona: kona 16, kingo 32, nyuso 16. Jibu 0. Kwa hiyo ile 2 tunayokaririshwa ni habari ya umbo lisilo na tobo wala pango, na Euler mwenyewe hakuweka mpaka huo bayana.

Na kopo la rangi? Jibu nililipata kwa mafundi bati, wale wanaokunja mabati kutengeneza ndoo na mikebe. Bati la ubavuni linaanza likiwa bapa, linakunjwa, ncha mbili zinaungwa. Pana mshono. Mimi na yule binti tulihesabu ubavu wa kopo kama uso mmoja, kumbe ni mkanda unaojirudia wenyewe, na ule ukingo wa juu ni duara lisilo na mwanzo wala mwisho, halina kona hata moja ya kushikia. Tuhesabu tena na mshono. Mshono unagusa duara la juu mahali pamoja na la chini mahali pamoja, hizo ni kona 2. Kingo ni 3, maduara mawili na mshono. Nyuso 3. Mbili toa tatu jumlisha tatu. Inakuja 2. Kopo halijawa polihedroni kwa hilo, ubavu bado umepinda, lakini hesabu imetulia. Ni kama mpira wa miguu wa vipande vyeusi na vyeupe: ukiujaza upepo ni tufe, ila mishono yake 90, kona 60 na vipande 32 vinatii.

Pia nayo ilitudanganya. Ilitoa 2 kwa bahati. Ukingo wake hauna kona, na kona yake haifikiwi na ukingo wowote. Jibu sahihi, kazi mbovu. Tumeshapata maksi za namna hiyo wote.

Euler alirudi St. Petersburg mwaka 1766, safari hii akiitwa na Malkia Catherine wa Pili. Muda si mrefu jicho la kushoto nalo likafunga, mtoto wa jicho. Mwaka 1771 moto uliteketeza nyumba yake, akaokolewa na fundi mmoja mtu wa kwao Basel aliyeingia kumtoa. Mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji, akaona kwa siku chache, kisha jicho likaoza na giza likarudi moja kwa moja. Sehemu hii sikumsimulia mjomba. Ana tarehe ya hospitali, na upasuaji wa leo si ule wa 1771, lakini hofu haisomi miaka.

Kipofu, aliendelea. Aliwaamuru wanawe na wasaidizi waandike, yeye anatamka. Kitabu chake cha aljebra alimtamkia kijana aliyewahi kujifunza ushonaji, na inasemwa kijana yule alijua aljebra kitabu kilipokwisha. Karibu nusu ya kazi zake zote, ambazo ni zaidi ya 800, ni za kipindi hicho. Katharina alifariki 1773, na miaka mitatu baadaye Euler akamuoa dada yake wa baba mmoja.

Tarehe 18 Septemba 1783 alikula chakula cha mchana na familia, akazungumza na mwenzake Lexell juu ya njia ya sayari ya Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili nyuma, akacheza na mjukuu. Kisha damu ikavuja kwenye ubongo, na saa chache baadaye akafa, miaka 76. Akademia iliendelea kuchapisha makala alizoziacha kwa karibu miaka 50.

Oktoba nilipanda daladala nikarudi ile shule, nimebeba kopo lililochorwa mshono kwa kalamu ya wino mzito. Kidato cha nne walikuwa wanajiandaa na mtihani. Nilimkuta yule binti, nikamuomba radhi kwa jibu la siku ile, tukahesabu. Akaelewa kabla sijamaliza. Nikamwambia na habari ya Lhuilier, kwamba umbo lililotoboka halitoi 2.

Mlango wa darasa lao ulikuwa umezuiwa kwa tofali la block lenye tundu moja la pembe nne lililopita hadi upande wa pili. Akaliinamia. Kona 8 za nje, 8 za tunduni. Kingo 24. Nyuso 10, nne kati yake ukutani mwa tundu. Kumi na sita toa ishirini na nne jumlisha kumi.

Inakuja 2. Na tofali limetoboka, tuliona sakafu kupitia humo.

Alinitazama. Nikamwambia sijui, ila nadhani tuuchunguze ule uso wa juu, wenye tundu katikati, na kwamba nitarudi Jumatano.

Safari hii hakukaa. Alichukua chaki akaanza kuchora juu ya tofali.